Mwamapalala, Toleo Lipi?

Tafuta Kata ya Mwamapalala katika majedwali ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2002, utaikuta ndani ya Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga. Itafute katika majedwali ya 2012, imo Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu. Hakuna aliyefunga virago. Mashamba ya pamba yako palepale, ng'ombe wanakunywa kwenye malambo yaleyale, na anayekwenda Bariadi mjini bado anakwenda Bariadi mjini. Kilichohama ni maandishi. Machi 2012 Serikali ilitangaza mikoa minne mipya kwa mpigo: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Itilima ikamegwa kutoka Bariadi, makao yake yakawa Lagangabilili, na Simiyu ikaundwa kwa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, hii ya mwisho ikitolewa Magu, upande wa Mwanza. Tarehe 26 Agosti mwaka huohuo sensa ikaanza, wino wa tangazo haujakauka.

Mimi naishi kwa kuandika miongozo ya programu za kompyuta, vile vitabu ambavyo mtu hukumbuka kuvitafuta mambo yakishagoma. Katika kazi hiyo ipo shughuli moja ambayo hakuna anayeipenda wala anayejisifia kuifanya, nayo ni kuhakikisha kwamba namba ya toleo la programu inasomeka sawa kila mahali ilipoandikwa. Ni kazi ya karani, si ya fundi. Hata hivyo kila ninapoifikiria kwa kina mawazo hunipeleka Simiyu, kwa kuwa yale yanayoipata namba ya toleo ndani ya nyaraka za mradi ndiyo yaliyoipata kata hii ndani ya nyaraka za nchi, tena mbele ya macho ya watu.

Chukua programu ya kawaida, ya kuwekea hesabu za AMCOS, yaani chama cha ushirika wa mazao, tuseme. Leo iko toleo 2.4. Namba hiyo imeandikwa kwenye faili moja ndani ya msimbo, na hapo ndipo kwao. Lakini imeandikwa pia juu kabisa ya ukurasa wa utambulisho wa mradi, kwenye amri ya kusakinisha ambayo mtumiaji huinakili na kuibandika, kwenye picha ya skrini, chini pembeni, kwa herufi ndogo ambazo hakuna aliyekusudia zionekane, kwenye jalada la mwongozo wa PDF, kwenye slaidi za mafunzo, na kwenye karatasi iliyofunikwa plastiki na kubandikwa ukutani juu ya kompyuta ya katibu, yenye maneno "Hakikisha unatumia toleo 2.4". Siku toleo 2.5 linapotoka, namba ya ndani ya msimbo itabadilika tu, maana isipobadilika programu yenyewe haitoki. Hizo nyingine zitabadilika mtu akikumbuka. Msimbo una mlinzi: majaribio yanaendeshwa kila badiliko linapoingia, na jambo likiharibika alama nyekundu inajitokeza. Mwongozo hauna mlinzi. Kompyuta haiusomi. Anayeusoma ni katibu, na katibu akikuta mwongozo hauendani na anachokiona kwenye skrini, hampigii simu mtengenezaji. Anajiona yeye ndiye asiyejua.

Dawa ya kwanza inayomjia kila mtu ni tafuta-na-badilisha: iambie mashine itafute 2.4 popote ilipo na iweke 2.5. Anayeanza kazi hii namwambia aitazame kwanza orodha ya yaliyopatikana kabla hajabonyeza kitufe. Katika lugha ya utafutaji wanayotumia watengeneza programu, nukta haimaanishi nukta. Inamaanisha herufi, tarakimu au alama yoyote ile. Kwa hiyo 2.4 inaokota 2-4, inaokota 214, inaokota kipande cha namba ya simu ya ofisi, inaokota 12.4 ya programu nyingine kabisa, na 192.168.2.4 ambayo ni anwani ya printa. Hayo yanarekebishika: kila mtu hatimaye hujifunza kuitangulizia nukta mkwaju wa nyuma, na kubana mipaka ya namba anayoitafuta ili 12.4 na anwani ya printa zisiguswe. Lisilorekebishika kirahisi liko ndani ya faili la kumbukumbu za mabadiliko, ambamo kuna mstari unaosema: "Katika toleo 2.4 tuliondoa ripoti ya zamani ya madeni." Baada ya tafuta-na-badilisha mstari huo unasema ripoti iliondolewa katika toleo 2.5. Ni uongo, na umetengenezwa na mtu aliyekuwa anafanya usafi.

Namba ya toleo huandikwa kwa makusudi mawili. Mara nyingine inaagiza: tumia hii leo. Mara nyingine inashuhudia: siku ile mambo yalikuwa hivi. Zote mbili zina sura moja, tarakimu zilezile na nukta ileile, na mashine haina namna ya kuzitofautisha. Ya kuagiza ikizeeka inatakiwa kubadilishwa haraka. Ya kushuhudia ikibadilishwa imeharibiwa. Wengi wanaolalamikia nyaraka zilizopitwa na wakati huliona kosa la kwanza tu, la agizo lililoachwa likazeeka. Mimi naliogopa zaidi la pili. Agizo lililozeeka humgomea mtumiaji, naye akajua kuna tatizo. Ushahidi uliokarabatiwa haumgomei mtu. Unasomeka vizuri, umepigwa pasi, na anayeusoma miaka mitano baadaye hana sababu ya kuutilia shaka.

Waandishi wa nyaraka za lugha ya Python wamelielewa jambo hili kuliko wengi. Chombo wanachotumia, Sphinx, kilichotungwa na Georg Brandl na kutolewa mwaka 2008, kinakuwezesha kuandika namba ya toleo mara moja tu, kwenye faili la mipangilio. Kwingine kote unaweka jina lake, na mashine hulijaza wakati wa kuchapa. Hiyo ni namba ya kuagiza, imeandikwa mahali pamoja na inabadilishwa mahali pamoja. Lakini chombo hichohicho kina alama nyingine, ya kusema kwamba kipengele fulani kimeongezwa tangu toleo fulani, na namba ya alama hiyo huandikwa kwa mkono, mahali pake, isiguswe tena. Jambo lililoandikwa kuwa lipo tangu 3.8 litabaki 3.8 hata Python ikifika 3.20. (Ilipofika 3.10, Oktoba 2021, kilitokea kituko: faili nyingi za mipangilio ziliisoma namba hiyo kama desimali, zikadondosha sifuri, na mashine zikaenda kutafuta Python 3.1, ya mwaka 2009. Tunaita namba, lakini hakuna anayejumlisha wala kutoa matoleo. Ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu.)

Sasa ipeleke tofauti hiyo Simiyu. Orodha ya leo ya wagonjwa wa rufaa, bajeti ya halmashauri, fomu ya kujiandikisha kupiga kura, bango la shule: hizo zinaagiza, na zote zinapaswa kusoma Itilima, Simiyu. Cheti cha kuzaliwa cha mtu aliyezaliwa Mwamapalala mwaka 1988 kinasoma Bariadi, Shinyanga, nacho hakina kosa lolote. Kinashuhudia. Babu yake, kama angekuwa na cheti cha enzi za Mwingereza, kingemtaja kuwa mtu wa Jimbo la Ziwa, ambalo makao yake yalikuwa Mwanza. Familia moja, kijiji kimoja, na karatasi tatu zisizopatana, zote za kweli.

Shida inaanza mtu anapozisoma hizo karatasi kana kwamba zote zimetoka siku moja. Mwaka 2002 Mkoa wa Shinyanga ulihesabiwa kuwa na karibu watu milioni 2.8. Mwaka 2012 ulikuwa na 1,534,808. Mwanafunzi anayepanga safu hizo mbili kwenye jedwali lake la utafiti, asijue kilichotokea Machi 2012, ataona mkoa umepoteza zaidi ya watu milioni moja katika miaka kumi, na atakaa chini kutafuta njaa au maradhi yaliyowamaliza. Hakuna njaa iliyowamaliza. Watu wa Bariadi, Maswa na Meatu walihesabiwa Simiyu, mkoa uliopata 1,584,157 kwa jumla, na wa Bukombe walihesabiwa Geita. Shinyanga ya safu ya kwanza na Shinyanga ya safu ya pili zina jina moja, na orodha ya kimataifa ya alama za mikoa inaziita zote mbili TZ-22. Simiyu ilipewa TZ-30. Alama ya mkoa mpya ni rahisi, kwa kuwa ni mpya kweli. Inayonisumbua ni hiyo ya zamani, iliyobaki vilevile huku eneo lake likipungua kwa zaidi ya nusu. Katika programu tungesema mtu ametoa kitu kipya bila kupandisha namba.

Kwenye takwimu za afya jambo hili lina sura nyingine, na hapa sina hakika kama naegemea upande wowote. Zahanati zetu huandika kwenye vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kisha taarifa huingia kwenye DHIS2, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuijenga na kuieneza nchini. Ndani yake kila zahanati imening'inizwa chini ya kata, kata chini ya halmashauri, halmashauri chini ya mkoa. Ukiihamisha kata kutoka mzazi mmoja kwenda mwingine, historia yake yote inahama nayo. Mtoto aliyepimwa malaria Mwamapalala mkoa ukiwa bado ni Shinyanga atahesabiwa Simiyu, mkoa ambao siku ile haukuwepo. Mganga mkuu wa mkoa anafurahi, maana anaweza kuchora mstari wa miaka mingi wa eneo analolisimamia leo bila kukatika. Mtunza kumbukumbu hafurahi, maana ripoti ya Shinyanga iliyochapwa kabla ya mgawanyo haitapatana tena na mfumo hata siku moja, na mtu akizilinganisha atadhani mojawapo imechakachuliwa. Watunzi wa programu wanaijua tabu hiyo. Katika toleo 2.37 la mwaka 2021 waliongeza njia rasmi ya kugawanya na kuunganisha maeneo, kwa sababu nchi hazikomi kujigawa. Sisi wenyewe tulishaigawa Mbeya tukapata Songwe mwaka 2016. Lakini njia ya kugawanya si sawa na kumbukumbu ya kwamba palikuwa pamoja.

Nisiseme kana kwamba haya ni mambo ya ofisini tu. Simiyu ndiyo inayoongoza kwa pamba nchini, na mkulima wa Itilima amekuwa akiishi na matoleo muda mrefu. Mbegu aliyoizoea kwa miaka mingi iliitwa UK91, jina lenye herufi za Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo, na mwaka ilipotolewa. Ikaja UKM08 kuchukua nafasi yake. Hapo mwenye kuipa jina alifanya jambo la busara: aliiandika namba kwenye kitu chenyewe, ukaona mfuko ukajua. Kwenye nafasi za kupanda haikuwa hivyo. Ushauri wa zamani ulikuwa sentimita 90 kati ya mistari na 40 kati ya mashimo. Baadaye ukaja wa 60 kwa 30. Ukipiga hesabu, kwa ushauri wa kwanza ekari moja inaingia mashimo yapatayo 11,000. Kwa wa pili yanapata 22,000. Tofauti ni mara mbili, na hiyo ndiyo tofauti ya mbegu anazochukua, kamba anazokata na vibarua anaowaita. Kipeperushi kinachosema 90 kwa 40 hakisemi uongo, kilikuwa agizo halali la wakati wake. Kasoro yake ni kwamba kipeperushi cha kilimo mara nyingi hakina tarehe. Bwana shamba anaweza kuwa na vyote viwili kwenye mkoba mmoja, karatasi ya aina moja, nembo ileile, na mkulima akavipokea akavipanga juu ya meza asijue kipi ni cha leo. Mwaka mmoja uliochapwa pembeni, tarakimu nne, ungegeuza karatasi ile ya kwanza kutoka agizo bovu kuwa kumbukumbu nzuri.

Kwa hiyo mwongozo wa zamani ukifika mezani kwangu, siharakishi kuurekebisha. Naangalia kwanza kama umejitaja. Mwongozo ulioandika "kwa watumiaji wa toleo 2.4, Juni 2019" unaweza kukaa kabatini miaka hamsini bila kumdhuru mtu. Ule ulioandika "kwa watumiaji wa toleo jipya" umeanza kuoza siku ileile ulipochapwa. Neno "jipya" na neno "sasa" nimeyapiga marufuku katika nyaraka ninazozisimamia, na vijana wananiona msumbufu.

Ipo njia nyingine ya kuishi na nyaraka zisizobadilika, nayo ni kudanganya kwa utaratibu. Mwaka 2011 Linus Torvalds aliamua kwamba Linux, iliyokuwa imefika 2.6.39, sasa iitwe 3.0. Halikuwa badiliko kubwa la ndani. Namba zilikuwa zimekuwa ndefu, na mradi ulikuwa unatimiza miaka ishirini. Lakini zilikuwepo programu zilizoandikwa na watu walioamini kwamba Linux siku zote itaanza na 2.6, na zilipokutana na 3.0 zikagoma. Baadhi zilikuwa za makampuni, hakuna aliyeweza kuzifungua na kuzirekebisha. Basi Linux ikawekewa swichi: programu ya namna hiyo ikiuliza wewe ni toleo gani, ijibiwe 2.6.40, toleo ambalo Torvalds hakuwahi kulitoa. Programu inaridhika, kazi inaendelea. Mimi hili halinichekeshi sana. Kabla ya 2012 Tanzania, Bara na Visiwani, ilikuwa na mikoa 26, na leo iko 31. Popote penye orodha iliyofungwa kwenye 26, iwe fomu ya chuo cha nje au tovuti ya kununulia tiketi, mtu wa Mwamapalala ataangalia chini na juu, hataiona Simiyu, kisha atachagua Shinyanga. Ameulizwa na asiyejua, akajibu kinachokubalika.

Kuna vitambulisho vilivyotungwa na watu walioliona hili mapema, hata kama hawakulipa jina. Namba ya kituo cha mtihani ya shule ya sekondari, ile inayoanza na S, haisemi shule iko mkoa gani. Mkoa ukigawanywa, namba inabaki ilivyo na matokeo ya miaka yote yanaunganika. Postikodi zetu zimejengwa kinyume, tarakimu mbili za mwanzo ni za mkoa. Zinarahisisha kuchambua barua, lakini siku kata ikihamishiwa mkoa mwingine kitambulisho chenyewe kitakuwa kimesema uongo, na ni lazima kibadilishwe kila kilipoandikwa. Kwangu hilo ni kosa la usanifu. Lakini naelewa kwa nini watu hulipenda: namba inayosema kitu humpendeza msomaji kuliko namba bubu.

Jaribu sasa fomu ya kwenye kompyuta inayouliza "Mkoa wa kuzaliwa", na anayejaza alizaliwa Mwamapalala mwaka 1985. Akichagua Shinyanga, orodha ya wilaya inayofunguka haina Bariadi. Akichagua Simiyu, anaipata Itilima, anaipata na kata yake, anaendelea vizuri mpaka mtu anapoliweka jibu kando ya cheti chake cha kuzaliwa na kuona havifanani. Hapo ataambiwa alete kiapo cha mahakamani. Kiapo cha nini? Hakusema uongo popote. Fomu ina nafasi moja, lakini imeuliza maswali mawili: mahali pale panaitwaje leo, na siku ile paliitwaje.

Zipo programu huria zilizotungwa na vijana wa Kitanzania zenye orodha ya mikoa, wilaya na kata, kazi nzuri ya kujitolea inayowaokoa wengine wasianze kuandika upya. Karibu zote hueleza nchi ilivyo siku orodha ilipotengenezwa. Ninachopendekeza kila ninapopata wa kunisikiliza ni kuongeza safu mbili tu, "kuanzia" na "hadi". Mwamapalala ingekuwa na mistari miwili: Bariadi, Shinyanga, hadi Machi 2012; Itilima, Simiyu, kuanzia Machi 2012. Fomu isingeuliza tena mkoa. Ingeuliza kata na tarehe ya kuzaliwa, vitu viwili ambavyo mtu anavijua bila kupepesa, na jedwali lingejaza yaliyobaki, ya zamani na ya sasa, kila moja mahali pake.

Watengeneza programu hawalipendi wazo hili, na sababu zao si za kipuuzi. Kila swali utakaloiuliza hazina ya data sasa litabidi libebe tarehe. Jedwali linakuwa refu. Wilaya ya zamani haina mipaka kwenye ramani za kidijitali za leo, kwa hiyo kuna mistari ambayo haichoreki. Na ni nani atakayekwenda kusaka matangazo ya serikali ya miaka ya nyuma ili ajaze mistari ya juu zaidi? Majibu ninayo kwa baadhi tu ya hayo. Kwenye mashauri haya jambo dogo huwa linachukua muda kuliko makubwa yote: safu ya "hadi" kwenye mstari wa Itilima naiacha tupu, na anayekagua kazi karibu kila mara huurudisha mstari huo kwangu na maelezo kwamba nimesahau kuijaza.